Anwani ya Mkurugenzi

Kaka yangu hajawahi kuongoza kitu chochote zaidi ya mazungumzo, lakini nyumbani tunamwita Mkurugenzi, na la kuchekesha ni kwamba anaitika. Tulianza kumwita hivyo kwa kumdhihaki, alipopata kazi kwenye ofisi ya bima akarudi na kadi mfukoni inayosema yeye ni ofisa wa kitu fulani kirefu. Akadhani tunampa heshima. Tangu hapo kila tukimwita kifua kinapanda kidogo, nami namwonea haya kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe haya hana.

Mimi ni mdogo wake. Nafanya kazi na Baba kwenye karakana ya viatu, na si viatu vya kuning'inizwa dukani. Baba hutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Soli ya upande mmoja anaiinua, kisigino anakikata kwa mshazari, ndani anaweka mto wa ngozi unaofuata unyayo ulivyo, si unavyotakiwa kuwa. Anayevaa kiatu cha Baba hutembea bila kuyumba, na watu barabarani huacha kumgeukia. Kazi yote ni hiyo. Wateja hawaji kila siku. Huja soli inapolika au mguu wa mtoto unapokua, na wengi hutoka mbali. Wanamjua kwa jina la Fundi Soli.

Baba ana desturi aliyoipata kwa fundi aliyemfundisha. Kiatu kikikamilika, hutia mhuri wa chuma kwenye mkaa hadi uive, kisha huukandamiza chini ya soli, pale kwenye upinde ambapo hapagusi ardhi. Mhuri huo hauandiki jina lake, unaandika mahali alipo. Miaka yote uliandika jina la jengo letu na mlango wa nyuma. Mtu kiatu kikimchokea, Baba alikuwa akisema, akigeuze tu, atajua pa kukipeleka.

Kisha tukaambiwa jengo litabomolewa. Mafundi wenzetu walipiga kelele kuhusu mashine zao, kuhusu notisi, kuhusu nani amekula nini na nani. Baba alihangaikia soli. Huko nje kulikuwa na soli za watu chungu nzima zilizochomwa anwani ya mahali ambapo karibuni pangekuwa kifusi, na sisi tulikuwa tunahamia uchochoro ambao hata mwenye nyumba alitupokea kwa kutuelekeza mara mbili.

Mimi ndiye niliyesema tutafute anwani ya mtandaoni. Nyumba unaweza kuihama, nikamwambia, lakini anwani ya mtandaoni unahama nayo. Tunaitundika kwenye mlango wa zamani hadi siku ya tingatinga, tunaichonga kwenye mhuri mpya, na hata tukihama tena, mtu ataifungua tu aone tulipo. Lilikuwa wazo zuri, nalisema bila kujishusha. Ubaya ni kwamba nilikuwa nalisema mezani, Jumapili, na Mkurugenzi alikuwa anakula.

Alifuta mdomo, akasogeza sahani. "Sasa hapo mmenigusa kwenye fani yangu."

Fani yake ni bima.

Akatusomesha. Jina la tovuti, alisema, liwe fupi. Lisiwe na vistari wala tarakimu. Mtu akilisikia kwenye simu aweze kuliandika bila kuuliza tena. Mwisho wake, yale maandishi baada ya nukta, uwe ule ambao wateja wameuzoea. Na kabla hujalitangaza, hakikisha hakuna aliyelichukua. Yote hayo ni kweli kabisa. Alikuwa ameyasoma mahali, akayakariri, halafu akakunja mikono ya shati na kuanza kuyavunja.

"Basi tuchukue Fundisoli," nikasema. "Na ule mwisho wa kawaida wa nchi yetu."

Mkurugenzi alicheka kwa huruma, kile kicheko cha mtu anayemwangalia mtoto akila udongo. "Mdogo wangu, hilo ni jina la kibanda. Mtu wa nje atalielewaje?"

"Mtu gani wa nje? Wateja wetu ni wa hapahapa, tena wanakuja wakichechemea."

"Ndizo fikra ndogo hizo. Jina linatakiwa likutangulie."

Shangazi, ambaye hadi leo anaamini mtandao uko ndani ya simu ya mwanawe, akasema jina lolote litakalochaguliwa liwe na neno Neema ndani yake, la sivyo mambo hayataenda. Wifi yangu, mke wa Mkurugenzi, mtu mpole asiyestahili adhabu aliyopewa, akapendekeza tumuulize Baba. Wote wakamtazama kama vile amependekeza tumuulize paka. Baba akasema yeye hana neno, ila liwe kitu ambacho bibi mwenye mguu mbovu anaweza kumwambia mjukuu wake.

Mkurugenzi akamshukuru Baba kwa mchango wake, na baada ya wiki akaja na jina. Lilikuwa Kituo Bora cha Kimataifa cha Viatu Tiba na Ustawi wa Mguu Neema, lote limegandishwa pamoja bila nafasi. Nilidhani anatania. Alikuwa amelichapa kwenye karatasi ngumu yenye fremu.

Aliyetuokoa ni mchonga mihuri. Alitazama karatasi, akatazama soli tuliyompelekea kama kipimo, kisha akamtazama Mkurugenzi kuanzia tai hadi viatu.

"Bwana mkubwa, huyu mnayemvisha ni mtu au tembo?"

Ndipo jina likakatwakatwa hadi likabaki Mguubora. Shangazi alisusa siku kadhaa kwa sababu ya Neema. Lakini mwisho wa nchi yetu Mkurugenzi aliukataa katakata. Akachukua mwisho wa visiwa fulani ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mtu wake, kwa sababu aliona kampuni moja ya vijana wenye miwani ikiutumia. Nikamuuliza bibi mwenye mguu mbovu ataukumbukaje. Akasema bibi atazoea.

Tulisajili siku hiyohiyo, kwenye simu yake, amesimama katikati ya karakana kama anatia saini mkataba wa amani. Fomu ikauliza mwenye jina ni nani na barua pepe yake ni ipi.

"Mwandike Baba," nikasema.

"Baba hana barua pepe."

"Tumfungulie sasa hivi, dakika moja tu."

"Hizo za bure ni za wahuni. Nitaweka yangu ya ofisini, ina heshima. Kila ujumbe wa mteja utaingia kwangu, mimi nitauchuja na kuwaletea."

"Na namba ya simu ya Baba tunaiweka wapi kwenye tovuti?"

"Kampuni makini haiweki namba ya simu."

Baba alikuwa anapaka gundi. Akasema kama Mkurugenzi anaona hivyo, basi ni hivyo, mtoto amesoma. Nikanyamaza kwa ajili ya Baba. Tovuti ilipotoka, ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Mkurugenzi amekunja mikono mbele ya rafu ya vitabu ambayo si yetu. Kiatu hapakuwa na hata kimoja. Chini kabisa palikuwa na kisanduku kidogo cha kuandika ujumbe.

Hata hivyo, ilifanya kazi. Watu ni wavumilivu kuliko tunavyostahili. Walipitia ile picha, wakakipata kisanduku, wakaandika. Mkurugenzi alikuja karakanani na ujumbe wao aliouchapa kwenye karatasi, akatusomea kwa sauti ya mtangazaji, hata pale mtu alipoandika tu kwamba kisigino kimeng'oka. Baba alisikiliza huku akitabasamu. Kwa kila kiatu kipya akawa anachoma mhuri mpya kwa uangalifu mara mbili ya zamani, maana chuma kilikuwa kigeni mkononi mwake.

Kisha karatasi zikapungua. Kisha zikaisha.

"Soko limepoa," Mkurugenzi alisema nilipomuuliza. Nikamuuliza tena. "Siku hizi watu wanapenda vya kuagiza." Nilipotaka kuingia mwenyewe nitazame, aliniambia mambo ya mitambo si nyundo na misumari, nitagusa kitu niharibu. Alisema hivyo amevaa suti, akielekea kazini, na mkoba wake wa ngozi ambao Baba alimshonea.

Jengo la zamani likabomolewa, na mlango wenye tangazo letu ukaenda nalo. Uchochoroni hakupita mtu asiyekaa uchochoroni. Baba akaanza kupokea zipu za mabegi. Akaanza kushona ndala. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya rafu yenye kalibu za mbao za miguu ya wateja wake, kila moja imepinda kwa namna yake, akizifuta vumbi moja baada ya nyingine. Aliniuliza kama kazi yake imeshuka. Alitaka nimwambie ukweli, kama mkono umeanza kutetemeka, kama mishono haikazi. Nikamwambia mkono wake uko vilevile. Hakuniamini. Mtu aliyewatembeza watu maisha yake yote alikuwa ameketi pale akiamini kwamba wamemchoka.

Na ingekuwa hivyo hadi leo kama si muuza ngozi. Alikuja kutuletea kipande, akataka kumwelekeza jamaa yake kwetu, akaomba anwani ya mtandaoni. Nikamtajia. Akaiandika kwenye simu yake, akasubiri, akatoa macho.

"Hongereni," akasema. "Mmepanua biashara."

Kwenye kioo palikuwa na gurudumu linazunguka, sarafu zinamwagika, na msichana aliyevaa nguo za kuhesabika akinikaribisha nibahatishe. Juu yake, kwa herufi zilezile tulizozichoma kwenye soli za watu, palikuwa pameandikwa Mguubora.

Niliipigia kampuni ya usajili. Mtu wa upande wa pili alinieleza bila haraka. Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja. Unalilipia kwa muda, na muda ukikaribia kwisha unatumiwa onyo. Walituma onyo. Wakatuma tena. Jina likaisha muda, wakalishikilia kwa kipindi cha kumsubiri mwenyewe, wakaandika tena. Mwenyewe hakujibu. Likaachiwa, na kuna watu kazi yao ni kunyakua majina yaliyoachiwa. Nikauliza maonyo yalitumwa wapi. Akanisomea barua pepe ya ofisi ya bima.

Nikaipigia simu ofisi ya bima, nikamtaja kaka yangu kwa jina lake kamili na cheo chake kirefu. Dada wa mapokezi akaniomba nilirudie jina. "Huyo aliondoka zamani, dada," akasema. "Walipunguzwa. Hata anwani yake ilishafungwa."

Nilikaa na simu mkononi. Nimezaliwa tumbo moja na huyu mtu, nimekula naye sahani moja, na bado alikuwa ameweza kunishangaza. Alipoteza kazi. Hilo si kosa lake, watu wanapunguzwa kila siku. Lakini alijua kabisa kwamba ujumbe wa wateja wote unaingia kwenye sanduku ambalo hawezi tena kulifungua. Alihitaji kusema sentensi moja tu, "nimeachishwa kazi, tubadilishe anwani," na mambo yangekwisha kabla ya chai kupoa. Badala yake alivaa suti kila asubuhi, akabeba mkoba, akaenda kukaa anakojua mwenyewe, na akamwacha Baba ashone ndala.

Kesho yake asubuhi alipita karakanani kama kawaida yake, kuaga. Nikamsubiri aketi. Nikayasema yote mbele ya Baba, bila kupaza sauti: gurudumu, sarafu, maonyo, dada wa mapokezi. Mkurugenzi alilegeza tai. Akaikaza tena.

"Kwanza," akasema, "lile jina lilikuwa limeshapitwa na wakati."

"Kaka."

"Nasema tu. Nimeshafikiria jipya. Hata ingekuwa—"

"Umeachishwa kazi?" Baba akamuuliza.

Mkurugenzi akatazama sakafu. "Ndiyo, Baba."

"Tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Mkeo anajua?"

Akatikisa kichwa kukataa. Baba akaweka nyundo mezani taratibu. Nilimwona anavyomtazama mwanawe, na sikupenda nilichokiona, kwa sababu hakikuwa hasira hata chembe. Nilitaka awe na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nimeisubiri usiku kucha.

Hatukupata muda wa kusema zaidi, maana mlango ulifunguliwa na wifi akaingia, ameshika mkono wa mtoto wa kike, na nyuma yao mama mmoja mwenye kitambaa kilicholowa jasho. Wifi alikuwa amemletea mumewe miwani aliyoisahau, akamkuta huyo mama kona ya uchochoro akiuliza kibanda hadi kibanda.

"Anamtafuta Baba," wifi akasema. "Amezunguka tangu alfajiri, maskini."

Mtoto alitembea hatua chache hadi kwenye kiti, na mimi na Baba, tunaoijua kazi hii, tukageuka kutazama. Alikuwa anauburuta mguu wa kushoto kwa ncha ya vidole, bega limeshuka, kiuno kimekwenda upande. Nikamvua kiatu. Kilikuwa chetu. Kilikuwa kimembana hadi vidole vimejikunja, na ile nyongeza ya soli iliyomtosha alipokuwa mdogo sasa ilikuwa haimfikishi ardhini sawasawa. Chini, kwenye upinde, mhuri wa Mguubora ulikuwa bado unasomeka vizuri kabisa.

"Nimeandika," yule mama akasema. Hakuwa anapiga kelele, ila sauti ilikuwa inamkatika. "Kila mwezi nimeandika kwenye kile kisanduku chenu. Nikisema mtoto anakua, kiatu kinambana, niambieni nije lini. Kimya. Nikaenda kule zamani, nikakuta mabati. Halafu juzi nikafungua nikakuta kamari. Nikadhani mmekufa." Akatutazama mmoja mmoja. "Daktari anasema nyonga imeanza kukaa vibaya. Mngenijibu hata neno moja, ningetafuta fundi mwingine. Nani alikuwa anasoma ujumbe wangu?"

Mkurugenzi alikuwa amesimama kando ya rafu. Wifi alimtazama, kwa sababu kila mtu katika familia anajua ni nani anayesoma ujumbe; alitangaza mwenyewe kwenye kila harusi. Nilisubiri. Naapa nilimpa muda. Nilimhesabia pumzi zake, nikasema moyoni, sema, sema mara moja tu maishani mwako uwe mtu, na mimi nitasahau hata ile picha.

Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Ni mimi, mama," Baba akasema.

Nikageuka. Baba alikuwa tayari amepiga goti mbele ya kiti, ameushika unyayo wa mtoto kiganjani.

"Kazi ya kusoma nilikabidhiwa mimi, nikazembea. Mambo yenyewe sikuyaelewa nikaona haya kuuliza. Mtoto ameumia kwa sababu yangu. Nitamtengenezea, na nitamfuatilia hadi nyonga irudi. Unisamehe."

"Baba!" nikasema.

"Niletee karatasi ya kupimia," akanijibu, bila kunitazama, na kwa sauti ile ambayo hata nikiwa mtoto sikuwahi kuibishia.

Yule mama alitaka kuendelea kukasirika. Niliona hasira inavyotafuta pa kukaa. Lakini mbele yake palikuwa na mzee aliyepiga goti, kipara kinang'aa, anampuliza mtoto vidole vilivyochubuka huku akimuuliza wapi panauma, na hasira ikakosa mahali. Akaketi kwenye benchi akajifuta uso. "Basi, mzee," akasema. "Umri nao." Alisema kwa wema. Ningependa zaidi angemtukana.

Nikaleta karatasi. Baba akachora unyayo, akapima kifundo, akapima goti, mkono wake umetulia kama siku zote. Mkurugenzi naye, hatari ilipopita, alianza kupata rangi usoni. Niliiona ikirudi, kwanza masikio, kisha mashavu. Akajikohoza. Akasogea, akainama kidogo, akaweka mkono kwenye bega la Baba.

"Usijilaumu sana, Baba," akamwambia, watu wote wakisikia. "Haya ni mambo ya kisasa. Hakuna aliyetegemea uyajue."

Kalamu ya Baba ilisimama kwenye karatasi. Kisha ikaendelea.

"Asante, mwanangu," akasema.

Mkurugenzi akachukua miwani yake kwa mkewe, akachukua na mkoba, akatazama saa kama mtu anayechelewa mahali. Wifi akamsindikiza hadi mlangoni. Walisimama pale kizingitini, karibu kabisa na meza yangu, na sikuhitaji kutega sikio.

"Mbona hukuniambia ulimwachia Baba kazi ile?" wifi akamuuliza.

"Sikutaka kumwaibisha," Mkurugenzi akasema kwa upole. "Mzee ameanza kusahau."